Gari la Mjomba Agyekum na Shahidi Aliyebeua

Suame, Kumasi
7 Februari 1993

Kwa Mwalimu Adwoa Pokuaa, binamu yangu mwenye ulimi wa wembe,

Kama barua hii imekukuta umekaa, endelea kukaa. Kama umesimama tafuta kiti, maana ni mimi Yaw Tenkorang ninayeandika, na sijafiwa wala siombi kitu. Huku tu wazima. Mke wangu Akyaa amenenepa, mimi nimekonda, kwa hiyo uzito wa nyumba haujabadilika. Sikio la kushoto limekufa kabisa kwa nyundo za wapiga bati wa hapa Suame. La kulia husikia likipenda. Ndiyo maana sikuhangaika na simu ya posta. Mchungaji wenu wa Methodisti bado anahubiri mpaka supu za watu zinapoa majumbani.

Sasa neno lenyewe. Gari la baba yako nimelivua turubai.

Usirushe miwani. Nisikilize kwanza. Mwezi uliopita mpwa wangu Sarfo alikuja hapa uani na watu wawili, wale wanaoyeyusha vyuma wakafinyanga sufuria. Wakaigonga injini kwa vidole, ngo ngo ngo, kama wanawake wanavyochagua tikiti sokoni. Mmoja akasema, "Kichwa cha injini hiki kitatoa sufuria sita, mzee wako akishaondoka." Mzee mwenyewe nimekaa hapo hapo, natafuna karanga. Sarfo akasema, "Sita kubwa au sita ndogo?"

Unajua desturi yetu. Kwetu mtu harithiwi na mwanawe. Mimi mpwa nilimrithi mjomba, yaani baba yako, na Sarfo mwana wa dada yangu atanirithi mimi. Nikifa leo, kesho Peugeot 404 ya Mjomba Agyekum inapikiwa ugali wa banku. Nimeapa itanguruma kabla sijalala chali.

Nina maswali mawili. La kwanza: Mjomba alipokuwa hai, gari lilikaa juu kiasi gani? Mimi nililiharibu miguu nikibeba viazi vikuu, sikumbuki tena lilivyosimama. La pili ni kabureta. Siku ya mazishi mwaka 1974 ilikuwepo. Watu walipokwenda kucheza ngoma, ikatoweka. Nikafunga kabureta ya gari jingine, na injini ikakohoa miaka mitano mpaka ikakata roho. Wewe hukuona mtu?

Nasalimia watoto.
Yaw, aliyekuwa nusura awe mumeo


Sekondi
2 Machi 1993

Kwa Yaw Tenkorang, fundi wa kuharibu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya dole la grisi kwenye kila ukurasa. Nimeisoma nikiwa nimeshika leso. Sisi hatujambo. Binti yangu Esi amehamishiwa Takoradi, hivyo huja kulala kwangu kila Ijumaa. Nimestaafu kufundisha ushonaji mwezi Desemba, na sasa nashonea majirani wanaoniambia niwapime kiuno kwa huruma. Nimekutumia samaki wa moshi kwa dereva wa basi. Ni wa Akyaa. Wewe unusishwe tu.

Swali la kwanza nitakujibu, kwa ajili ya Baba. Nilipokuwa nasimama kando ya mlango wa nyuma, kizingiti kilinifika chini ya goti, vidole vinne. Urefu wangu haujabadilika, nimejipima tena: ni sentimita thelathini na nane kutoka chini. Na Baba alikuwa anaweka kikapu cha mayai kiti cha nyuma, anatoka Mampong mpaka Kumasi, halivunjiki hata moja. Ukiona mayai yanapona ujue umepatia.

Swali la pili, mimi ni mwalimu wa kushona. Mambo ya mabomba ya petroli siyajui.

Lakini usiniandikie kana kwamba nakusaidia kutengeneza gari lako. Watoto tulinunua jeneza la Baba, kama desturi inavyotaka, na ninyi wapwa mkachukua nyumba na shamba la kakao. Sikugombana. Gari ni jambo jingine. Gari Baba alinipa mkononi akiwa hai, mwaka 1972, sebuleni kwake, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalala chini ya gari nimshikie spana. Nami nikatoa aseda, kile kinywaji ambacho mtu hupeleka ashukuru, ashuhudiwe, na zawadi isirudi tena. Kwa kuwa mimi ni wa chama cha kutokunywa pombe kanisani, nilipeleka kreti ya soda ya machungwa. Baada ya mazishi wazee wakacheka. Wakasema aseda ni chupa ya pombe ya jini, soda ni ya watoto wa sikukuu. Mzee Boadi akauliza, "Haya, yuko shahidi aliyeinywa?" Hakujitokeza mtu.

Sitaandika zaidi ya hapo. Wewe endelea na spana zako.

Adwoa Pokuaa


Suame, Kumasi
19 Machi 1993

Kwa Binamu Pokuaa, mwenye goti la kipimo,

Samaki wamefika. Nimenusishwa kama ulivyoagiza, halafu Akyaa alipokwenda kisimani nikajinusisha mwenyewe mpaka miiba. Mjukuu wetu mdogo ameota meno mawili na anauma kama mkopeshaji. Paa la jikoni lilipeperuka kwa upepo, tukalipata kwa jirani, akadai ni lake.

Injini nimeishusha. Nilipofungua bolti ya chini, mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikajua maji yamepenya. Injini ile, unakumbuka, imelala ubavu kama mzee aliyeshiba fufu, na silinda zake ni slivu nne, mirija ya chuma inayochomolewa, kila moja imekaa kwenye pete yake chini. Pete zote nne zimeoza. Nimechonga mpya kwa shaba nyembamba. Slivu ya tatu ina mkwaruzo ambao ukipitisha kucha inakwama. Nimeitupa, nimepata nyingine kwa mzee mmoja wa Asante Mampong aliyekuwa anaitumia kushikilia mlango. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nimepeleka kwa mchonga vyuma, ameisugua mpaka unaweza kunyolea ndevu ukijitazama. Kichwa cha injini, zile sufuria sita za Sarfo, kilikuwa kimepinda unene wa ukucha. Kimenyooshwa.

Miguu ndiyo aibu yangu. Nilipotoa springi za nyuma nilikuta mambo niliyoyasahau. Ili libebe viazi, niliweka springi za gari la mizigo, na katikati ya kila duara nikakaba vipande vya tairi. Shokamzoba zilikuwa zimekauka tangu zamani, ukizisukuma zinaingia zenyewe kama mlevi kitandani. Gari la Mjomba lilikuwa linatembea kama mbuzi aliyekanyaga moto. Springi zake halisi zipo. Zilikuwa chini ya banda la kuku, kuku wanalalia. Nimezisugua.

Sasa nisikilize, maana nina akili ingawa shule niliiacha darasa la nne. Gari likitembea, nitakupa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa hai, mbele ya Mzee Boadi na wazee wote. Sarfo hataligusa. Wewe leta aseda tu, chupa moja ya jini. Hata kama hunywi, ishike kwa leso. Mambo yaishe.

Na ungenikubali mwaka ule walipotaka kutuozesha, mtoto wa mjomba kwa mpwa kama ilivyo desturi, gari lingekuwa letu sote na tusingemaliza stempu za serikali. Lakini ulisema miguu yangu inafanana na hendeli ya kuwashia gari.

Yaw


Suame, Kumasi
30 Mei 1993

Kwa Binamu aliyenyamaza,

Wiki kumi. Hata wafu wa ukoo hunijibu upesi kuliko wewe, huja ndotoni wanadai supu. U mzima? Nimemwuliza dereva wa basi, amesema ulimpa kifurushi kwa mkono wako na ukamkemea kwa kuendesha kwa kasi, basi nikajua u mzima sana.

Kifurushi nimepata. Barua hamna ndani. Dereva anasema ulimwambia ni kifaa cha kushonea. Nimekifungua mbele ya Akyaa. Kilikuwa kimefungwa kwa fulana ya Mjomba, ile yenye tundu begani, na ndani ya fulana kabureta.

Pokuaa, nimefanya kazi hii miaka arobaini na sita. Kabureta ikikaa mwaka mmoja bila kuguswa inashika kutu ya kijani, vali inaganda, inakuwa jiwe. Hii nimeishika, kila kitu kinacheza. Nikaisogeza puani. Inanuka mafuta ya cherehani. Kuna mtu ambaye miaka kumi na tisa amekuwa akiitia mafuta. Sikumwuliza mtu huyo kitu, na simwulizi.

Nimeifunga. Nikatia hendeli, nikazungusha mara mbili, ya tatu ikashika. Wapiga bati waliacha nyundo. Akyaa alitoka jikoni na mwiko, akasema, "Kumbe haya ndiyo mazungumzo yake? Mbona ya upole?" Maana yeye aliijua ikikohoa tu. Hata sikio langu bovu lilisikia.

Mayai nayo. Jaribio la kwanza niliweka trei ya thelathini nikaenda mpaka njia ya Offinso na kurudi. Yalivunjika kumi na moja, tukala mayai siku tatu, mpaka mbwa akakataa. Nikagundua springi ya kushoto imechoka kuliko ya kulia. Nikaipeleka kwa mhunzi ikapata moto na kunyooshwa. Jaribio la pili yalivunjika manne. La tatu moja, nalo Akyaa anasema lilikuwa na ufa tangu sokoni. Kizingiti kiko sentimita thelathini na nane.

Sarfo amepita jana. Amezunguka gari mara tatu akiwa na mikono nyuma. Akasema, "Mjomba, umelipendezesha. Sasa siyeyushi. Nitalifanya teksi." Unaona anavyonipenda.

Leta chupa, Pokuaa.

Yaw


Sekondi
21 Juni 1993

Kwa Yaw,

Hatujambo. Mvua imekuwa nyingi na Esi alipata malaria, amepona. Asante kwa kuuliza.

Nafurahi injini imeshika. Nafurahi kweli, naomba uliamini hilo kwa sababu yanayofuata si matamu.

Chupa sitaleta. Nimejaribu kujishawishi. Hata nilikwenda dukani nikasimama mbele ya rafu, muuzaji akadhani nimeacha wokovu. Lakini fikiri, wewe mwenye akili ya darasa la nne. Mtu humpa aseda aliyempa kitu. Nikikupa wewe aseda mbele ya wazee, nimesema mbele yao kwamba gari lilikuwa lako ukanipa. Basi Baba hakunipa. Basi siku ile mimi na Baba tulikuwa tunacheza. Nitalipata gari na nitakuwa nimempoteza yeye aliyenipa. Afadhali Sarfo alifanye teksi.

Umeniuliza kama niliona mtu akichukua kabureta. Nami nina swali langu, sijawahi kukuuliza kwa sababu nilitaka ulijibu bila kuulizwa. Sebuleni siku ile tulikuwa watu watatu. Baba kwenye kiti chake. Mimi na kreti yangu. Na mtu wa tatu aliyekuwa amekuja kuazima jeki. Baba alimwambia, "Kunywa, uwe shahidi." Alikunywa chupa mbili, akabeua, akasema, "Hongera, dereva." Miaka miwili baadaye Mzee Boadi alipouliza kama yuko shahidi, mtu huyo alikuwa amekaa mstari wa pili, anatazama viatu vyake.

Yuko wapi mtu yule?

Msalimie Akyaa.
Adwoa


Suame, Kumasi
1 Agosti 1993

Kwa Adwoa,

Tunaendelea vizuri. Akyaa anakusalimu na anasema umefanya jambo ambalo yeye ameshindwa miaka arobaini, kuninyima usingizi. Kuku mmoja ametaga ndani ya tairi la akiba.

Nilikaa na barua yako wiki mbili. Mtu wa tatu nilikuwa mimi. Chupa zilikuwa mbili, na ningekunywa ya tatu kama Mjomba hakunitazama. Mbele ya wazee nilinyamaza kwa sababu nililitaka gari. Nimetafuta sababu nyingine iliyo nzuri zaidi, sikuipata. Ningeweza kusema ni kwa uchungu wa kukataliwa na wewe, lakini kufikia 1974 nilikuwa nimeshaona jinsi unavyomfokea mumeo, Mungu amrehemu, na nilikuwa namshukuru Mungu kila asubuhi.

Basi Jumapili iliyopita nilivaa kitambaa changu cha heshima, nikaenda kwa Mzee Boadi. Ana miaka tisini na mbili, anaona kwa jicho moja, lakini baraza bado ni lake. Wazee saba walikuwepo, na Sarfo, maana nilimwita.

Nikasema, "Mzee, mwaka 1974 uliuliza kama yuko shahidi aliyekunywa ile soda. Nimekuja kujibu."

Mzee Boadi akasema, "Umechelewa njiani. Barabara ilikuwa mbaya?"

"Mbaya nilikuwa mimi, Mzee. Nilikunywa."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Ulisema nini ulipomaliza?"

"Nilibeua. Halafu nikasema, Hongera, dereva."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akaangusha fimbo. Mmoja wao, yule Opoku mwembamba, akapinga, akasema soda ni soda, desturi ni jini. Mzee Boadi akamgeukia. "Babu zetu walitoa aseda kwa pombe ya mchikichi kabla mzungu hajaleta hiyo jini yako. Je, aseda zao hazikushika? Aseda ni koo la shahidi. Kitu kimepita kooni, shahidi amekiri, basi. Soda iliyokwisha nyweka hairudi kwenye chupa." Kisha akanigeukia kwa lile jicho lake moja. "Kwa hiyo, Tenkorang, miaka kumi na tisa umelikalia gari la mwanamke, ukalibebea na viazi."

Sarfo akadakia, "Lakini mimi ndiye mrithi wake."

"Mrithi wa nini? Mjomba wako hana gari. Utarithi nyundo."

Akanitoza kondoo mmoja kwa ajili ya wazee, nimeshamtoa. Na kwako akasema nikupoze moyo kwa nguo ya kente na maneno yangu mwenyewe. Nguo Akyaa amechagua, kwa hiyo itakuwa nzuri. Maneno ni haya: Nilikudhulumu, Adwoa. Najua unasubiri niweke mzaha hapo. Sina.

Hudaiwi chupa na mtu. Gari ni lako tangu 1972. Njoo Jumamosi yoyote ulichukue. Nimetia mafuta, nimepaka grisi viungo vyote, na uvungu ni safi, unaweza kulala pale na gauni lako jeupe la kanisani.

Yaw Tenkorang, shahidi


Sekondi
12 Septemba 1993

Kwa Yaw, binamu yangu,

Nilifika salama, na naandika kabla sijafungua mizigo. Esi amelala na kofia usoni, amechoka kunishikilia mkono kila nilipobadilisha gia. Kente Akyaa amechagua vizuri mno. Mwambie nimeivaa njiani, na jirani zangu wamedhani nimeolewa.

Uliniona nikiondoka pale Suame, na najua ulichokuwa unangoja. Ulidhani nitazima injini langoni mbele ya wapiga bati wote. Haikuzima. Mguu unakumbuka klachi kuliko kichwa kinavyokumbuka Zaburi. Nilipotoka Bekwai nikaongeza mwendo, na ile barabara mbovu kabla ya Obuasi, yenye mashimo ya kuogea nguruwe, gari likaipita kama mtu anayeinama kumsalimu mkubwa wake, anashuka taratibu, anainuka taratibu. Esi akasema, "Mama, mbona unalia?" Nikamwambia ni vumbi. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Nimekuwa nikikukasirikia muda mrefu sana, Yaw, na nilikuwa nimezoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Tulipofika Tarkwa niligundua sikuwa nacho mguuni. Sijui nilikivulia wapi. Kaburini kwa Baba tulipopita Alhamisi, pengine, pale ulipopiga magoti ukashindwa kuinuka ikabidi tukuvute wawili.

Injini inasema lile neno lake la zamani kwenye mlima. Gia ya pili ina ukaidi kidogo. Utakuja kuitazama Krismasi, ulale hapa, na Akyaa aje apumzike na wewe.

Lakini nilitaka kukuandikia hili. Karibu na Takoradi kuna kizuizi cha polisi. Akatoka askari, kijana mrefu mwenye filimbi mdomoni. Akalizunguka gari, akainama akatazama chini, akalipapasa boneti.

"Mama, gari zuri. La mzee?"

Nikamwambia mume wangu amekufa siku nyingi.

"La baba, basi?"

Nikamwambia na baba pia.

"La kaka? La mjomba?" Alikuwa anahesabu kwa vidole, ukoo mzima wa wanaume, na foleni nyuma yetu inapiga honi. "Sasa mama, gari hili ni la nani?"

Nikasema, "Langu."

Akatoa filimbi mdomoni, akainamisha sikio dirishani kwa sababu ya honi. "Umesema la nani?"

Hakuna jambo lililonipendeza mwaka huu kama kuulizwa mara ya pili.

Wako,
Adwoa Pokuaa